Saa Sabini na Mbili

Mwajabu kajifungua Bombo, Jumatatu alfajiri,
mtoto wa kike, kilo tatu kasoro robo.
Kadi ya mtoto: O, na alama ya kujumlisha.
Kadi ya mdogo wangu, kama yangu:
O, halafu kijistari,
kifupi kama ukucha wa kichanga.
Alama ya kutoa.

Mimi kijistari hicho sikukijua.
Nilipomzaa Hoza nilipewa uji na hongera,
nikarudi Barabara ya Kumi na Tano na khanga mpya.
Nani angeniambia kwamba pale mlangoni,
tulipokuwa tunaachana yeye na mimi,
tone lake lilisalia ndani yangu
na mwili, mlinzi asiyeuliza jina,
ukalikariri sura?

Wa pili, siku ya pili, akawa binzari.
Ngozi, viganja, weupe wa macho.
Wa tatu hakulia.
Mama mkwe akasema tumbo hili lina mwenyewe,
akaniletea kombe la zafarani.
Nikanywa. Njano juu ya njano.
Mhina hakusema kitu; aliujenga upya ua wa uani
ambao haukuwa umebomoka.

Damu nzito kuliko maji, wanasema.
Yangu haikuwa nzito.
Ilikuwa na kumbukumbu tu.

Duka la dawa la kwanza: haipo.
La pili waliniuliza jina lake mara mbili,
wakaniuzia panadol.
La tatu, Chumbageni, imebaki moja,
na bei yake ni cherehani yangu,
niliyoiuza asubuhi bila kuiaga.
"Isipate joto," kasema muuzaji, "wala isigande."
Nimeiviringisha kitambaa, nikaitia kwenye chupa ya chai
kati ya barafu za ubuyu za jirani.

Anayeendesha baiskeli ni Hoza.
Miaka kumi na mitatu, shingo imeanza kunenepa.
Mimi nyuma kwenye keria, chupa kifuani kama mtoto,
naitazama jasho la mgongo wake
na silisemi.
Hatalisikia kwangu.
Hakufanya kosa lolote ila kuzaliwa wa kwanza.

Jumatano, saa kumi jioni. Saa ya hamsini na tisa.
Muuguzi anaiinua sindano dirishani, anasoma tarehe,
Mwajabu anageuza paja, anasonya,
anasema inauma kuliko uchungu wenyewe.
Muongo.

Ndani ya chupa yamebaki maji mekundu
na barafu moja, nzima.
Nampa Hoza.
Anaing'ata ncha ya mfuko kwa meno,
anaifyonza huku akimchungulia binamu yake,
midomo myekundu,
na kuuliza kama watoto wote huwa wadogo hivi.