Ufunguo Usio na Gari

Alhamisi, jua likishakaa begani mwa Wanale,
tunakutana Mbale nyuma ya kinu cha kahawa,
pale malori yanapopimiwa uzito.
Hatuna kadi, hatuna mwenyekiti.
Tuna chupa ya chai ya tangawizi, jeki moja nzima,
na ugonjwa ambao hakuna anayeutafutia dawa.

Nambozo huja na Pijo ya marehemu baba yake,
rangi ya maziwa mgando;
mlango wa nyuma hufunguka kwa ndani tu, na kwa kubembelezwa.
Okiror na Datsun yake ya kubebea mihogo,
leo ameiosha mpaka inaona haya.
Chemonges, daktari wa mifugo, ana Subaru ya buluu
ambayo hukohoa kwanza, kama mtu anayetaka kuhutubia.
Na kijana Wandeka, na kobe wake wa Vokswageni
asiye na kipimo cha petroli:
huchovya kijiti kwenye tangi, hukitazama, hukinusa,
husema, "Tutafika."

Mimi nina ufunguo.

Gari lenyewe nililiuza Februari.
Likawa karo, likawa godoro,
likawa sanduku la bati la binti yangu huko Tororo.
Sijuti. Au najuta kidogo, siku za Alhamisi.
Mnunuzi nilimpa ufunguo wa akiba;
huu niliusahau mfukoni,
na nimeendelea kuusahau kila asubuhi nikivaa suruali.

Nilikuja mara moja tu, kuaga.
"Kumuaga nani?" Nambozo akauliza, kichwa ndani ya boneti.
"Lete sikio hapa, kuna kitu kinagonga."
Nikainama. Valvu, silinda ya tatu.
Tangu siku hiyo hakuna aliyeniuliza nimekuja na nini.

Saa kumi na mbili na nusu tunaondoka,
mmoja nyuma ya mwingine, mwendo wa maharusi.
Sironko watoto wanatukimbilia wakihesabu taa.
Mama mchoma mahindi anapunga upepeo wake,
cheche zinamjibu.
Baada ya Muyembe barabara haina mzaha tena.
Inapanda.
Hewa inabadilika kioo kikiwa wazi:
vumbi, kisha migomba, kisha baridi yenye harufu ya majani mabichi.

Kona ya nne, rejeta ya Datsun inachemka.
Wote tunasimama, kama mgonjwa ni wa ukoo.
Mmoja na tochi, mmoja na kitambaa,
Chemonges anaushika mpira wa maji
kwa vidole vile vile vinavyotoa ndama tumboni.
"Usimharakishe," anasema. "Mwache apumue."

Sipi tunafika gizani.
Maporomoko hatuyaoni, tunayasikia.
Tunazima taa, tunamenya karanga,
na magari yanapoa taratibu,
ti, ti, ti,
chuma kikijisimulia safari.
Hakuna anayesema jambo kubwa.
Wandeka anabisha kuhusu plagi. Okiror anabisha kuhusu Wandeka.

Kisha kitu kinatua mapajani mwangu: funguo za Pijo.
"Macho yangu hayafai usiku," anasema Nambozo.
"Teremsha wewe."
Mwongo mkubwa. Mwanamke huyu humwona mwewe
kabla kuku hawajamwona.

Klachi iko juu kuliko niliyoizoea.
Usukani mwembamba, mkubwa, kama ungo.
Gia ya pili, mguu mbali na breki,
mlima uishike injini na injini iushike mlima.
Chini, tambarare yote nyeusi,
na taa chache, kama mtu amemwaga mchele akauacha.
Kila kona ule ufunguo wangu wa zamani unanichoma paja.
Nambozo amefumba macho. Halali. Anasikiliza.

Mbele yetu Wandeka anawasha indiketa ya kulia,
na hakuna njia ya kulia, ni korongo tu.
Ndivyo anavyosema mambo asiyoweza kuyasema.

Nami nikawasha ya kwangu.