Kutoa Moja

Babu yangu Ansgar alilipwa kuing'oa.
Mwaka wa thelathini na nne, milima ya Aidaho,
uzi mweupe ukigawa msitu kama shamba la urithi,
na kila kijana kwenye mstari wake, jembe mkononi:
ng'oa, fuata mzizi, nyunyiza dawa, songa.
Karanti mwitu, waliambiwa, huficha kutu
iuayo misonobari,
na misonobari ndiyo mshahara.

Alihesabu. Ninalo daftari lake, lina doa la mafuta ya taa:
vichaka elfu nne mia saba na kumi na viwili.
Halafu ukurasa mtupu.
Hakueleza, na sisi hatukumuuliza.

Mimi nimepanda kimoja.

Februari nilikata kijiti, urefu wa shibiri,
nikakichomeka kwenye kopo la kahawa lenye mchanga,
nikakiacha nyuma ya banda, chini ya theluji.
Bi Petronella Voss akachungulia juu ya ua:
"Unamwagilia kuni?"
Mvumilivu hula mbivu, husema watu.
Mwaka wa kwanza walikula kulungu.
Mwaka wa pili kikainuka upande mmoja tu,
kama mtu aliyeamka na nywele zimelala.

Mwaka wa tatu, Aprili, kabla ya jani la kitu kingine chochote,
maua ya manjano, tarumbeta ndogo ndogo,
na harufu ya karafuu hadi jikoni,
karafuu! katika nchi hii ya matope na moshi wa mbao.
Akaja ndege mvumaji, mdogo kuliko chozi,
akaning'inia hewani bila tawi,
akanywa, akayeyuka.
Petronella alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa
asiseme neno, na yeye si mtu wa kukosa neno.

Tunda ni chachu. Linahitaji sukari na msamaha.

Lakini kila Agosti nageuza majani moja moja
kwa lenzi ya babu iliyopasuka.
Mwaka huu niliona: vumbi la rangi ya chungwa
chini ya jani la saba, tawi la kusini.
Na kule mlimani, nyuma ya nyumba ya Petronella,
msonobari mmoja mweupe bado umesimama.

Nilileta jembe. Nikalirudisha.
Nikaleta mkasi, nikakata tawi lile,
nikalichoma kwenye jiko, mlango umefungwa.
Kisha nikalifungua daftari,
na chini ya namba yake, kwa penseli, ili ifutike ikibidi,
nikaandika:
kutoa moja.