Daftari la Stoo

Kombe liko juu ya kabati, nimelifunika mfuko wa unga
vumbi lisilile.
Mwaka ule nilifua jezi kumi na sita kwa mikono yangu,
sabuni ya kipande, beseni la mpishi,
nikazianika nyuma ya bweni nikiziimbia.
Mkuu wa chuo akatuambia, "Huu ni mwanzo."
Alisema kweli. Kwetu kila mwaka ni mwanzo.

Watu hudhani mpinzani wetu ni wale wa ng'ambo ya mji,
wenye uwanja wa nyasi bandia na basi lenye jina lao.
La. Mpinzani wetu ni mahafali.
Hafungwi huyo. Kila Desemba huja na majoho,
akabeba beki, akabeba kiungo, akamchukua Mwikali
aliyepiga kona fupi kama anayebamiza mlango kwa hasira.
Nawapigia makofi kwenye viti vya plastiki,
moyoni nahesabu magongo yatakayobaki bila mwenyewe.

Januari, wageni.
Mmoja aliuliza kama mpira hupigwa kwa upande wa mviringo.
Mmoja alikuja na viatu vya kanisani.
Uwanja wetu ni udongo mweusi wa Embakasi:
mvua ikinyesha unashika kiatu kama mdai,
jua likiwaka unapasuka, mpira unaingia ufa ukalala.
Makorongo wa jalalani husimama langoni
wametulia kuliko kipa wetu.

Nako ofisini: "Shindeni kwanza, bajeti baadaye."
Tushinde na nini, bwana mhasibu?
Karo ikichelewa, Chelagat haingii mtihani;
asipoingia mtihani, hachezi;
asipocheza, mnaniuliza kombe la pili liko wapi.
Kocha Achola alivumilia misimu minne,
kisha benki moja ikamwita, na sikumlaumu,
ana watoto, na watoto hawali medali.
Aliyekuja baada yake alifuta ubao wote
akaanza kuchora mishale upya.

Mimi nina daftari tu.
Gongo namba saba: Nekesa. Mwikali. Kerubo.
Mbele ya Kerubo niliandika kwa wino mwekundu: halijarudi.
Miaka mitano wino ule umenikodolea macho.

Leo asubuhi akaja, sare ya uuguzi chini ya sweta,
ametoka zamu ya usiku, gongo mkononi,
mpini umefungwa utepe mpya.
"Nisamehe, Bi Kasiva, nilishindwa kuliacha."
Hakuondoka. Alimvuta pembeni yule wa viatu vya kanisani:
"Inama. Zaidi. Goti lisikie baridi ya ardhi."
Nikashtuka. Hayo ni maneno ya Achola,
neno kwa neno, hata ile "zaidi" ya puani.

Mchana tulifungwa manne kwa bila.
Lakini dakika ya hamsini hivi
yule mtoto aliinama, goti likasikia ardhi,
na mpira ukafia pale.

Nikafungua daftari. Limerudi, nikaandika.
Kalamu ikasita kwenye mstari uliofuata.
Sijui jina lake linaandikwaje; Jumatatu nitamuuliza.