Kodi ya Miezi Sita

Dalali Mbwego alianzia Raskazone:
marumaru, upepo wa bure, geti la umeme.
Ukacheka. "Huu mshahara wa luteni, kaka,
si wa jenerali."

Kange maji yapo, shule ya Salha haipo.
Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili,
mama mwenye nyumba aliuliza mara mbili
kama kweli mke ndiye mwanafunzi wa urubani
na mume ndiye anayeuliza bei ya mkaa.
Nikasema ndiyo.
Akapandisha kodi.

Tukaangukia Nguvumali, vyumba viwili,
bati linatetema kabla hata ndege haijaonekana.
Nilikwambia: ni karibu na uwanja,
utalala nusu saa zaidi.

Sikukwambia habari ya dirisha la jikoni.

Alfajiri nasimama pale na mwiko.
Umepaa. Umezunguka. Mbona tena umezunguka?
Salha ananivuta shati, "Yule mama?"
Simjibu
mpaka mngurumo ushuke nyuma ya mikorosho,
ukatike,
na kimya kikae kama kawaida yake.

Ndipo nageuza chapati.
Iliyoungua naila mimi.