Safu ya Matabishi

Asubuhi kompyuta, mchana usimamizi wa biashara:
masomo mawili, cheti kimoja, viatu jozi moja
vinavyoshuka Kadutu na tope
na kuingia Ibanda vimepanguswa kwa jani la mgomba.
Tuko arobaini na mmoja, mashine ni tisa.
Anayechelewa husoma kupitia bega la mwenzake,
na mimi nalijua bega la Mugisho kuliko kibodi:
shati lake lina kiraka chenye umbo la Idjwi.

Mwalimu Zihalirwa huandika ubaoni kila Jumanne,
kana kwamba ni yeye aliyeitunga:
Mali bila daftari hupotea bila habari.
Kisha huchora mstari katikati.
Kushoto kinachoingia, kulia kinachotoka,
na chini kabisa pande mbili zilingane
kama mabega ya mtu asiyebeba mzigo.

Moto ukirudi
(kwetu Bukavu umeme ni moto,
nao huja na kuondoka kama mume mwenye nyumba mbili)
Lwaboshi hutufundisha jedwali:
kila safu na jina lake, kila jina na aina yake,
na mahali patupu, mashine haipapendi.

Nikasema, basi, nitamwandikia mama programu.

Mama huuza sambaza.
Siku sita nilikaa nyuma ya karai lake na kalamu,
nikihesabu vikombe.
Vilivyoingia, mia mbili na kumi.
Vilivyouzwa, mia moja sabini na vinne.
Vilivyobaki: karai linang'aa, unajiona uso.
Usiku nikaingiza namba kwenye mashine ya kuazima,
ikanijibu kwa wekundu:
upungufu, 36.

Mama, nani anatuibia?

Akacheka hadi akashika kiuno.
"Nsimire, siku sita zote hujaona mkono wangu?"

Jumamosi nikarudi, nikaangalia mkono, si kikombe.
Kikombe kinajaa, kinamiminwa mfukoni,
halafu mkono, bila kuombwa, bila hata kutazama,
unarudi karaini na kuchota kidogo tena.
Matabishi.
Kwa mwalimu wa shule ya msingi
ambaye mshahara wake uko njiani tangu Machi, konzi nzima.
Kwa bwana aliyeacha gari likinguruma, samaki wanne,
na wanne hao wadogo.
Kwa Mama Faida, aliyezika mwezi jana,
mkono unakwenda mara mbili
na mdomo unazungumzia mvua.

Nikamuuliza Zihalirwa: hii niandike upande gani?
Akasema, hasara.
Akavua miwani. Akasema, matangazo.
Akavaa miwani, akaniambia nirudi Jumanne.
Nikamuuliza Lwaboshi: aina yake ipi, namba au maneno?
Akasema, usichokijua wewe, usitegemee mashine ikijue.
Nikajaribu wastani, vikombe sita kwa siku.
Mama aliposikia "wastani"
akauliza kama ni ugonjwa, na kama una dawa.

Siku ya kutetea kazi moto ukaondoka nikiwa ukurasa wa nne.
Kioo cheusi, waamuzi watatu, na chaki.
Nikalichora jedwali ukutani kwa mkono:
tarehe, mteja, vikombe, faranga,
na safu ya tano, matabishi, chini yake hakuna kitu.
Mwamuzi wa kushoto, mama mwenye sauti ya benki,
akauliza mbona hiyo ni tupu.
Nilikuwa nimeandaa jibu la kurasa mbili.
Nikasema, hiyo hujazwa na muuzaji, mama, si na programu.
Akaandika kitu. Sikuona nini.
Kumi na nne kwa ishirini.

Nikapanda Kadutu mbio, viatu vikiwa na tope lake la kawaida,
na kabla ya kumwambia nikajipanga foleni kama mteja,
faranga zangu mkononi.
Akapima kikombe. Akakisawazisha kwa kiganja.
Akamimina, akafunga mfuko fundo.
Nikasimama palepale.
"Unangoja nini?" akasema.
"Wewe si ni wa nyumbani?"