Vokshali

Ilikuwa na mapezi nyuma;
watoto wa Kaloleni tukaiita Ngege.
Kioo cha mbele kimejipinda pembeni,
kromi hadi masikioni,
madaha ya Kimarekani matupu.
Ila injini ni ya Mwingereza, haipendi kupayuka:
tukifika mlima wa Kiboswa
Baba huzima redio, tukashuka sote, tukasukuma.

Wanane, na mbuzi mmoja.

Sasa imekaa juu ya mawe.
Ndani bado yanuka tumbaku yake.
Kabla ya mvua, Anyonje wa vyuma chakavu
alikuja na mizani.
Mama akafungua buti, akamwonyesha:
“Kuku ameatamia. Rudi baada ya wiki tatu.”

Amerudi mara nne.
Kila akija, yupo kuku mwingine.