Sahani ya Ukungu

Mji unaitwa Mito, wala haujui
kwamba kwetu jina hilo ni maji yaendayo,
na ni pale kichwa kinapolala.
Ghorofa ya tatu, saa nane za usiku,
Shizuno Onizawa hana safari wala usingizi.
Anahesabu matundu.

Mbele yake sahani, pana kama kiganja,
imejaa fibrini, nyuzi za damu iliyogoma,
weupe mzito wa uji uliopoa.
Jana alidondosha kimeng'enya juu yake,
tone, tone, tone,
akaiweka penye joto la mwili, akangoja.
Sasa kila tone limejilia duara.
Ukungu umetoboka. Ukichungulia tunduni
unaiona meza, mikwaruzo ya meza,
hata herufi mbili za mtu aliyeacha kazi mwaka juzi.

Milimita kumi na tisa. Ishirini na moja. Kumi na tisa tena.
Anaandika kwa penseli.

Kimeng'enya hiki hakikutoka mbali.
Kimetoka kwenye natto, soya iliyochachushwa,
ile inayovutika nyuzinyuzi kama mlenda,
yenye harufu ya soksi, wageni husema,
ya nyumbani, husema yeye.
Baba yake, Tokuji, aliipika miaka arobaini na miwili,
akaifunga kwa mabua ya mpunga,
akaiuza stesheni kwa abiria wa treni ya kwanza.
Kisha moyo ukamgeuka. Wakamtia vali ya chuma,
wakampa kidonge cha kuikataza damu isigande,
na daktari, akiinamisha kichwa, akasema:
Kula utakacho. Natto, basi.
Maana humo humo mna vitamini
inayokifunga kidonge mikono.
Kikombe kimoja: huku kinafungua bonge,
huku kinaifunga dawa.
Mpishi akanyimwa chungu chake.

Usiku huu kuna kazi ya pili.
Protini ya kirusi, ule mwiba
ambao hubishia hodi kwenye seli.
Hapana, hakibishi hodi; kinachokonoa kufuli.
Ameuchanganya na kimeng'enya kilekile,
dakika kumi, sitini, mia na themanini,
akaupitisha kwenye jeli, akautia rangi ya buluu.
Bendi ya kwanza nene, kama nyusi.
Ya pili imefifia.
Ya tatu, anasogeza taa,
anavua miwani, anaifuta, anaivaa:
hakuna.

Hakupiga kelele. Aliketi.
Alifikiri kumwamsha profesa Hatakeyama.
Kisha akawafikiri watu wa magazeti,
chakula cha babu zetu chaua kirusi,
foleni madukani, na mtu mmoja mwenye vali
akimeza vikombe vitatu kwa siku ili apone.
Sahani si mshipa.
Sahani haina tumbo la kukisaga kimeng'enya,
haina ini, haina usiku wa homa,
haina mtu wa kuiuliza imekula nini.
Akaandika: *katika sahani tu*.
Akapiga mstari chini yake.
Akapiga wa pili, penseli ikavunjika.

Kumekucha. Chumba cha chai, simu.
Baba haulizi habari za jeli.
Umekula?
Bado. Ninayo hapa kikombeni.
Ya nani?
Ya dukani, baba.
Kimya kidogo, cha mtu anayesamehe.
Haya, koroga. Nisikie.

Na yeye, daktari wa protini, mwenye makala kumi na moja,
akaegemeza simu kwenye birika,
akachukua vijiti, akakoroga,
chwe, chwe, chwe,
nyuzi zikipanda, zikikatika, zikipanda,
mpaka mkono ukachoka akasita.

Upande wa pili mzee alikuwa akihesabu.
Bado mara kumi, akasema.